Nani Alishika Mwiko

Pale Mabatini walisema kijiwe cha Bashiru ndicho chenye kahawa, vingine vina maji meusi. Bashiru akiyasikia hayo hugonga vikombe viwili kwa mkono mmoja, haraka haraka, kama mtu anayepokea haki yake. Alivigonga vizuri kweli. Alijua pia kusimulia, kuwachokoza wapenzi wa mpira na kumfanya mgeni ajione mwenyeji. Kitu ambacho hakukijua ni kimoja tu, kahawa yenyewe. Hiyo aliikaanga mkewe, Sihaba, uani, alfajiri, wakati mume bado anajinyoosha kitandani. Alikaanga, akatwanga, akachemsha, akajaza birika. Birika likishatoka mlangoni linakuwa la Bashiru.

Hilo halikuwa siri wala halikuwa tatizo. Mwanamke haketi kijiweni, sasa nani angeuliza? Ila katikati ya miaka ya tisini kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa ameajiriwa Bashiru kikapata tajiri mpya, na tajiri mpya hakuhitaji watu wengi. Bashiru alirudi nyumbani na ovaroli yake ndani ya mfuko wa rambo. Kahawa iliyokuwa ya kununulia mboga ikawa ndiyo ya kununulia unga pia.

Wakaamua kufungua mkahawa. Si benchi ukutani tena, bali mkahawa wenye meza, mlango na jina. Wilhelmina, mama mwenye nyumba ya barabarani, akawawekea fremu moja ya duka. "Mimi siwafukuzi, lakini pia siwangoji," aliwaambia. "Idd ikifika mlango umefungwa, namwingiza yule wa mitumba. Kila nikipita ananisalimia mpaka naona aibu." Kilichowakwamisha ni buni. Buni ya sokoni Mwanza ilikuwa imepita mikono mingi, nzima na mbovu zimechanganywa, na Sihaba alisema wazi kwamba kwa buni ile hafungui mkahawa akachekwa.

Ndipo ikapatikana safari. Jirani yao Obedi alikuwa na pikapu, na alikuwa anakwenda Muleba kuleta ndizi. Sihaba naye upande wa mama ni Mhaya, ana wajomba huko ambao hawajamwona hata mtoto wake. Wazo lilikuwa la Bashiru, tena alilitoa kwa furaha: waende familia nzima, na kila mji watakaopita waulizie penye kahawa nzuri, washuke, wanywe, wajue wenzao wanafanyaje na buni wanaitoa wapi.

"Nitaonja mwenyewe," alisema. "Kahawa naijua mimi."

Sihaba alikuwa anakunja nguo za safari. Aliendelea kukunja.

* * *

Walivuka ziwa kwa kivuko cha Kamanga asubuhi. Mbele kwenye pikapu palienea watu watatu: Obedi kwenye usukani, Sihaba, na binti yao Shamsia, mtoto wa miaka kumi ambaye hakuwahi kufundishwa kunyamaza. Bashiru alipanda nyuma, juu ya magunia matupu. Alijitolea mwenyewe, kwa sauti, ili aonekane muungwana, na kabla ya Sengerema alikuwa ameshajuta. Kwenye kioo kidogo cha nyuma alimwona mkewe anacheka. Obedi alikuwa amesema kitu.

Obedi ni mume wa Rose, mlokole, mtu ambaye hata redio anaifungua akitaka taarifa ya habari tu. Lakini Bashiru alikuwa na wivu tangu ujana, wivu wa aina ile usiochagua pa kukaa, na kule nyuma kwenye vumbi ulipata nafasi ya kutosha.

Sengerema waliambiwa waende kwa mama mmoja, Paskazia, mwenye mgahawa karibu na stendi. Kahawa ikaja. Bashiru alifumba macho, akavuta fundo, akalizungusha mdomoni mpaka meza ya pili ikamtazama. "Hii," alisema, "hii ndiyo yenyewe."

Sihaba alilowesha midomo tu, akakiweka kikombe chini. "Ina mahindi," alisema taratibu.

Paskazia alikuwa anapita na sinia. Akasimama. "Nani kakwambia?"

"Hakuna aliyeniambia, dada. Mahindi ya kukaanga yanabaki ulimini na utamu. Kahawa haina utamu ule."

Yule mama aliangua kicheko, akaweka sinia mezani apate kupiga makofi. "Jamani nimekamatwa! Buni imepanda, mdogo wangu, ningefanyaje?" Akakataa kupokea hela yao.

"Baba," Shamsia aliuliza, "si umesema ndiyo yenyewe?"

Obedi alicheka mpaka akapaliwa. Bashiru naye alicheka, tena akawapita wote kwa kucheka, na alipopanda nyuma alibamiza ule mlango wa pikapu mpaka bawaba ikalia.

Geita Bashiru kidogo apone. Kahawa ya Geita ilikuwa kijiweni, kwenye baraza la duka, benchi limejaa wanaume watupu, na Sihaba akabaki ndani ya gari bila kuambiwa. "Subiri hapo mama Shamsia, nitakuletea habari," Bashiru alisema, na ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwita kwa upole. Pale alikuwa kwake. Alisalimia benchi zima, akaomba vikombe viwili kwa mwenye birika, aliyeitwa Kashindye, akavigonga. Watu wakageuka. Akaanza kuwahadithia Mabatini, nao wakacheka mahali pote alipotaka wacheke.

Shamsia ndiye aliyeharibu. Alimpelekea mama yake kikombe dirishani. Sihaba alinusa, akakimwaga chini kwa siri, ila si siri ya kutosha, kwani Kashindye alimwona.

"Mama, kahawa yangu ina nini?" aliuliza akiwa amefika kwenye mlango wa gari.

"Samahani sana, kaka. Haina kitu."

"Sema tu."

"Umeongezea ya leo juu ya ya jana. Imechemka mara mbili."

Kashindye aligeukia benchi. "Mnasikia? Ameijua kwa pua!" Mmoja akainuka na kikombe chake, mama hebu onja na hii, hii ya kwangu imetoka chini ya birika. Akainuka wa pili. Punde wote walikuwa wamezunguka mlango wa pikapu wanauliza, wanabisha, wanacheka, na mzee mmoja anataka kujua kama ana dada. Kwenye benchi alibaki Bashiru peke yake, na vikombe viwili mkononi.

Walipotoka mjini alimwambia Obedi asimamishe gari, akamwita mkewe nyuma.

"Umenidhalilisha."

"Nimefanyaje?"

"Unamwaga kahawa ya watu. Unajibizana na wanaume barabarani, umekaa dirishani kama tiketi zinauzwa."

"Uliniletea nionje, baba Shamsia."

"Nilikuletea uniambie mimi! Sikukwambia uwaambie wao."

Sihaba alimtazama. Vumbi lilikuwa limemkaa mumewe kwenye nyusi, akaonekana mzee. "Tunatafuta buni," alisema, "au tunatafuta nini?"

Bashiru alitaka kusema kwamba zile sifa zilikuwa zake, akaishia kupangusa nyusi. Alikuwa nazo chache tu, na kiwanda kilishachukua nyingine.

* * *

Wajomba waliwapokea vizuri, wakamshangilia Shamsia, wakachinja kuku. Na walipoulizwa kahawa nzuri iko wapi, wote walijibu jina moja: kwa Salehe, Kemondo, pale bandarini. Mjomba mmoja akawasindikiza.

Salehe alikuwa mtu mnene wa miaka hamsini hivi, mgane, kanzu yake safi kuliko inavyotarajiwa kwa mtu anayeshinda kwenye moshi. Mkahawa wake ulitazama ziwa. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua kahawa, alikuwa ananunua mwenyewe kwa wakulima, na nyuma ya nyumba magunia yalikuwa yamepangwa mpaka darini. Aliposikia mama yake Sihaba ni wa wapi, alifurahi, akatoa kikasha cha majani chenye kahawa za kutafuna. Akatafuna moja yeye kwanza, kisha akamnyooshea Sihaba kiganja.

Kwa Wahaya ndivyo mgeni anavyokaribishwa, na mtoto wa nyumbani akirudi hupewa kwanza. Bashiru ni mtoto wa mjini Mwanza. Alichokuwa nacho kuhusu kahawa za kutafuna ni kipande cha hadithi alichokiokota kijiweni, kwamba watu wawili wakigawana punje za tunda moja wanakuwa wamekula kiapo, hawaachani mpaka kufa. Alimtazama mkewe anaokota punje kwenye kiganja cha mgane, anatia mdomoni, na damu ikampanda kichwani. Kiganja kilipomfikia yeye alisema meno yanamuuma.

Kisha wakaanza kuzungumza Kihaya. Bashiru hakukijua hata neno. Alikaa kati yao akigeuza shingo huku na huku, na kila Sihaba alipocheka alihisi anachekwa yeye.

Salehe akarudi kwenye Kiswahili kwa ajili ya mgeni. "Bwana Bashiru, nyumba yako ina mtu," alisema. "Nimemuuliza mama habari za kukaanga, ananijibu kama bibi yangu. Sasa sikiliza waitu, ndugu yangu. Wateja wangu wanakuja baada ya swala ya alasiri, na wale hawana adabu, kahawa mbaya wanaimwaga. Leo nitawaambia amekaanga mgeni. Wakinywa wakaomba cha pili, kila meli ya Mwanza itakuja na gunia lenu. Mkishauza ndipo mnanilipa."

Sihaba alimgeukia mumewe, uso wote umechangamka. Fremu ya Wilhelmina ilikuwa imefunguka pale pale mbele ya macho yake, na meza zake, na jina mlangoni. "Umesikia, baba Shamsia?"

"Nimesikia," alisema Bashiru.

Sihaba alikaanga jikoni kwa Salehe, kwenye kikaango kipana cha chuma, makaa machache, mwiko hautulii. Buni ikaanza kubadilika rangi na kulialia. Salehe alichuchumaa kando anauliza hili na lile. Bashiru alisimama mlangoni. Ilibaki kidogo tu iive pale Shamsia alipopiga yowe kutoka ufukweni: alikuwa amekanyaga ndoano ya samaki.

"Shika, geuza, usiache!" Sihaba alimpa mumewe mwiko, akakimbia. Salehe akamfuata na chupa ya spiriti.

Bashiru aligeuza. Kupitia mlango aliwaona: mtoto anamlilia mama yake shingoni, Sihaba ameshika mguu, na Salehe amepiga magoti mchangani anaichomoa ile ndoano taratibu, vichwa vyao karibu karibu kugusana. Mtoto akanyamaza. Sihaba alisema kitu kwa Kihaya, Salehe akatikisa kichwa, wakacheka wote wawili, kile kicheko cha watu walioogopa pamoja.

Mwiko ukasimama. Wengine wangesema alisahau. Hakusahau. Harufu ilimfikia, na hata yeye, pamoja na kutojua kwake, alijua harufu ile ina maana gani. Alijua pia kuna gunia, kuna meli, kuna Idd. Aliutazama mwiko mkononi mwake, mkono ukakaa ulipo. Alitaka mkewe ashindwe. Mara moja tu, mbele ya mtu huyu.

* * *

Sihaba alirudi mbio, lakini moshi ulikuwa umemtangulia kutoka nje. Alikiepua kikaango kwa upindo wa khanga. Wateja walikuwa wameshaanza kuketi. Mmoja alichungulia, wengine wakamfuata, wanaume wa bandarini wenye mabega mapana na maneno mengi.

Salehe aliokota punje moja, akaigeuza. Upande mmoja ilikuwa ya hudhurungi nzuri, upande wa pili mkaa. Akaokota nyingine, vilevile. Kahawa iliyozidiwa na moto huungua kote. Hii ilikuwa imelala.

"Haikugeuzwa hii," mteja mmoja alisema. "Imeachwa tu."

Salehe alikuwepo mwiko ulipokabidhiwa. Hata hivyo aliuliza, kwa sauti ya kawaida, macho yake kwa Bashiru: "Nani alishika mwiko?"

Bashiru alitazama ziwa. Kulikuwa na mtumbwi unakuja, akautazama kwa bidii kana kwamba ana mtu wake ndani. Sihaba aliona macho ya wale wanaume yanaanza kumgeukia mumewe, na mmojawapo alikuwa mjomba wake aliyewasindikiza. Ataaibikaje mumewe hapa, kwa watu wa mama yake, mtoto anaona?

"Mimi," alisema. "Nilitoka nikaacha motoni."

Salehe aliendelea kumtazama Bashiru, akampa muda. Bashiru aliendelea na mtumbwi wake.

"Basi pole, mama," alisema mwishowe, na alionekana kusikitika kweli. "Siwezi kumpelekea gunia mtu anayeunguza."

Wateja walicheka kidogo, wakaomba wapewe ya kila siku.

Wakati wa kurudi Sihaba alipanda nyuma, juu ya mikungu ya ndizi. "Leo nyuma nakaa mimi," alisema. Bashiru alikaa mbele na Obedi na mtoto mwenye bendeji, njia nzima hadi Kamanga, na hawakusimama penye kahawa hata mahali pamoja.

* * *

Asubuhi ya kwanza Mwanza, Bashiru alijinyoosha kitandani akingoja harufu. Haikuja. Alimkuta mkewe uani anasuka nywele za Shamsia. Jiko limewashwa, kikaango kiko juu, buni kando yake, mwiko juu ya buni.

"Mbona bado?"

"Kaanga."

"Mimi sijui kukaanga, mama Shamsia."

"Mimi naunguza," alisema Sihaba. "Nimesema mwenyewe mbele ya watu. Wewe mtu anayeunguza utamwachiaje kahawa yako?"

Bashiru alitaka kukasirika. Akachuchumaa, akashika mwiko. Alikaanga, akatwanga, akachemsha, akajaza birika, na kwa mara ya kwanza maishani mwake birika lilikuwa lake kweli.

Kijiweni aligonga vikombe kwa nguvu kuliko siku zote. Wateja walikunywa, wakatazamana. Mzee Machibya, aliyekuwa akinywa pale tangu kijiwe kianze, aliinamisha kikombe akakimwaga mchangani. "Ng'wanawane, mwanangu," aliuliza, "hii leo nani kaikaanga?"

Lilikuwa swali lile lile. Hakukuwa na ziwa la kutazama.

"Mimi," alisema Bashiru.

"Na siku zote?"

"Mke wangu. Siku zote ni mke wangu."

"Kumbe," alisema mmoja, "miaka yote hii tunakusifu wewe kwa kugonga vikombe?" Wakacheka, na kesho yake walipita mbali. Keshokutwa yake alibaki Machibya tu, anakuja kwa ajili ya maongezi, hanywi. Wilhelmina naye alionekana amesimama mbele ya fremu yake na yule wa mitumba, wanapima mlango kwa hatua.

Usiku huo Bashiru alikaa chini, mbele ya mkewe, kwenye mkeka. "Nimewaambia," alisema. "Mabatini yote inajua. Nimewaambia kahawa ni yako."

"Nimesikia."

"Na mwiko niliuacha makusudi. Nilikuona na yule mtu. Mlikuwa mnacheka. Niliumia, Sihaba. Tangu Sengerema nilikuwa naumia. Niliona kila mtu anakupenda wewe, na mimi nimebaki na vikombe."

Uso wa Sihaba ulilegea kidogo, kwani hakutegemea kuambiwa. Kisha ukarudi ulivyokuwa.

"Unajua nilikuwa nacheka nini?" aliuliza. "Nilimwambia Salehe kwamba mtoto kamfuata baba yake, hatazami anapokanyaga." Akainuka, akachukua kikaango akakitundika ukutani. "Mabatini wamesikia. Kemondo bado."

* * *

Bashiru alikwenda kwa meli, daraja la tatu, amekaa juu ya boya usiku kucha. Mkewe alimpa nauli na chapati mbili, na agizo.

Asubuhi Kemondo mabenchi ya Salehe yalikuwa yamejaa. Walikuwa wale wale, na walimkumbuka. Salehe alitoka na birika, kanzu yake nyeupe vilevile, akamtazama kuanzia juu hadi chini.

"Bwana Bashiru! Mama hajambo?"

Wivu ukampanda pale pale, mzima, haujapungua hata chembe kwa safari yote ile. Anamuulizia nini mke wa mtu kabla hata ya salamu? Alikuwa na hakika angeweza kugeuka, meli ilikuwa bado haijang'oa nanga. Akavua kofia.

"Hajambo," alisema. "Siku ile mwiko nilishika mimi. Niliuacha kwa makusudi, kwa wivu. Yeye haunguzi."

Mtu mmoja kwenye benchi alianza kucheka, wa pili akamdaka, mara mkahawa wote ukawa unacheka, na mwingine akawaita wapakizi waje wasikie. Bashiru alisimama na kofia yake mkononi, akawaacha wacheke mpaka wamalize. Sihaba alikuwa amemwagiza asirudi na nusu ya habari, amletee yote, na kicheko kikiwemo.